Kima punju, mkaa, na tumbo lenye mambo yake

Kila aliyefika msitu wa Jozani, huku Unguja, ana picha ya kima punju kwenye simu, na picha karibu zote ni ileile, mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, midomo na pua ya pinki, na zile nywele nyeupe zilizomzunguka uso afu zikasimama utosini kama mtu aliyeamka hajaona chanuo. Sawa, mzuri, mashallah, sina ubishi. Ila soma wanachoandika chini ya hizo picha, miaka nenda miaka rudi ni kwamba yupo Zanzibar tu, kwamba ni adimu, basi, moyo mwekundu, tumemaliza. Mi naona wanamkosa kabisa. Punju ukitaka kumuelewa usianze na sura wala uadimu, anza na tumbo, manake huyu mnyama anakaa wapi, analala saa ngapi, anagombana na nani, kwa nini hafugiki, kwa nini anatafuna mkaa (ndiyo, mkaa, huuhuu wa kupikia, tutafika), yote yanatokea tumboni.

Hebu tumuweke pembeni ya kima wa kawaida, yule wa kijivu mwenye koo jeupe ambaye kila mtu Unguja anamjua kwa wizi wake. Mara nyingi unawakuta wote wawili kwenye mti mmoja, wanavumiliana vizuri tu, na hapo ndo pazuri pa kutazama. Kima anakula matunda mabivu, wadudu, chochote kinacholika, ana mifuko ndani ya mashavu, anajaza haraka haraka afu anakimbilia pembeni kutafuna kwa raha zake. Punju hana hiyo mifuko. Mtazame mkono, utaona vidole vinne virefu na pale panapotakiwa kuwa na dole gumba pana kinundu tu, huwezi hata kukiita kidole. Jamii yake yote ya mbega iko hivo. Kwaiyo punju haokoti vitu vidogo vidogo kwa ustadi, yeye anaukunja mkono juu ya tawi, anavuta tawi zima mpaka mdomoni, anachagua majani machanga yaliyo ncha, anayang'oa kwa meno, analiachia linarudi juu. Majani machanga, machipukizi, maua, na matunda mabichi. Mabichi, si mabivu, hiyo ishike.

Manake tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba, na chumba cha kwanza ni kikubwa kimejaa bakteria ambao kazi yao ni kuchachusha majani kabla hayajafika kwenye tumbo lenyewe la asidi. Jani lina nyuzinyuzi ambazo mimi na wewe hatuwezi kuzimeng'enya, bakteria wanaweza, wanazivunja, punju anapata nguvu yake humo, na baadhi ya sumu za majani nazo zinavunjwa humohumo. Ni mpango mzuri sana ila una gharama mbili. Ya kwanza, jani halina nguvu nyingi na kuchachuka kunachukua muda, kwaiyo anakula anashiba, afu inabidi atulie. Ndo maana watu wakifika saa sita saba mchana wanawakuta wamejilaza matawini, miguu inaning'inia huku na huku, wanadhani wavivu. Hamna uvivu pale, bakteria wako kazini. Gharama ya pili ni sukari. Tunda bivu likiingia kwenye lile tumbo linachachuka kwa kasi, asidi inapanda, gesi inajaa, na mnyama anaweza kuumwa vibaya. Sasa unaona mtu anatoa ndizi mbivu kwenye begi anamwita "njoo njoo" ili apate video, anadhani anamfanyia hisani! Watembezaji wa pale huwa wakali sana kwenye hili na wako sahihi, na ukikutana na punju anayepokea ndizi ujue kuna watu walishamharibu.

Na hafugiki kwa sababu hiyohiyo. Mbega wekundu wa aina zote wanajulikana kwa kutodumu kifungoni, hawaishi kwenye bustani za wanyama kwa miaka mingi kama nyani na tumbili wengine, kwa sababu huwezi kuwapa karoti na mkate ukategemea wale bakteria wakuelewe. Maana yake ni kwamba hakuna akiba mahala, hakuna punju wa ziada wamewekwa Ulaya wakisubiri siku tukiwamaliza huku.

Haya, mkaa.

Kwenye mashamba ya upande wa kusini ya msitu, karibu na vijiji, punju wanakula sana majani ya mwembe na majani ya mkungu (ule mti wa kungu, si mkungu wa ndizi). Yote ni miti iliyoletwa na watu, asili yake ni huko Asia, na majani yake yana protini nzuri, ila yamejaa zile kemikali za ukakasi, tanini na ndugu zake, ambazo kwa wingi zinazuia mmeng'enyo na nyingine ni sumu kabisa. Punju wa ndani ya msitu ana miti ya aina nyingi, anakula hiki kidogo na kile kidogo, hazidishi. Huyu wa shambani chaguo lake ni dogo, leo mwembe kesho mkungu keshokutwa mwembe. Sasa angefanyaje?

Anakwenda kutafuta mkaa. Unamkuta ameshuka chini kabisa, kitu ambacho mnyama wa juu ya miti hapendi kukifanya bila sababu, kakaa pembeni ya kisiki kilichoungua au pahala palipokuwa na tanuri, anachukua kipande, anakigeuza, anakitafuna kwa sauti ile ya kitu kikavu, mdomo ule wa pinki unakuwa mweusi, afu anaondoka na kipande kingine mkononi anapanda nacho. Akiona mwenzake ana kipande kizuri ugomvi upo. Na mtoto aliyeshika tumbo la mama anatazama yote hayo kwa karibu, ananyoosha mkono, naye anaonja, ndo anavojifunza.

Watafiti Thomas Struhsaker, David Cooney na Kirstin Siex waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1997, na walichofanya ni kuchukua mkaa wa huku kwetu, ule wa matanuri ya kienyeji, wakaupima kama unaweza kunasa kemikali za majani ya mkungu na mwembe. Unanasa, na unanasa vizuri. Hesabu yao ni kwamba mkaa unazishika zile za ukakasi, unapita nazo mpaka nje, huku protini ya jani inabaki ya kutumika. Hospitali mtu akimeza sumu za aina fulani anapewa mkaa maalumu anywe kwa kanuni hiyohiyo. Punju hakusoma popote. Na faida yake inaonekana, manake kwenye yale mashamba punju walikuwa wamejaa kwa msongamano mkubwa kuliko unaoukuta msituni, yani chakula ambacho wangetakiwa wakikwepe wamekigeuza kuwa kitoweo cha kila siku.

Mi hii stori huwa inanifurahisha kwa sababu moja, inavunja ile picha ya mnyama wa porini safi asiyeguswa na binadamu. Huyu ni jirani. Mwembe tumepanda sisi, mkungu tumepanda sisi, mkaa tumechoma sisi, yeye kaunganisha tu.

Na ujirani una ugomvi wake. Kuna mzee mmoja kijiji cha jirani na msitu, mkulima wa minazi toka ujana wake, nilimuamkia shikamoo akaitika marahaba mwanangu, nikamuuliza hawa punju vipi mzee wangu, akacheka kicheko kile cha uchungu. "Hawa? Hawa wananilia vidaka vyangu mchana kweupe, nikiwatupia kijiwe wananitazama tu. Kima yule mwingine angalau ana haya, ukitokea anakimbia. Hawa hawakimbii, hawa wanajua wana serikali nyuma yao." Nikamwambia mzee kuna watu walipima wakasema hawapunguzi nazi. Akanitazama. "Walipima mnazi wa nani?"

Swali zuri, ila kweli walipima. Siex na Struhsaker walitoa matokeo yao mwaka 1999, walifuatilia punju wanavyokula nazi changa na mavuno yanavyokuja baadae, na wakakuta kwamba pale punju walipokula zaidi mavuno hayakushuka, yalikuwa juu zaidi. Inashangaza mpaka ukumbuke mnazi wenyewe unavoishi. Mnazi unazaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, vingi vinapukutika vyenyewe chini, kila mkulima anaviona, kwaiyo yule anayekula vidaka inawezekana anafanya kazi ya kupunguzia mti mzigo, vinavyobaki vinafika kitale, dafu, mpaka nazi. Si kwamba kila kidaka kilicholiwa kilikuwa nazi iliyoibiwa.

Lakini mi upande wa mzee pia naukubali. Nazi si kitu pekee shambani, na kuna uchovu wa kuamka kila siku ukakuta kundi zima juu ya miembe yako, afu wageni wanakuja wanapiga picha kwenye shamba lako wanaondoka. Ndo maana ulikuja utaratibu wa sehemu ya mapato ya viingilio vya Jozani kurudi vijijini na kwa wakulima ambao mashamba yao punju wanayatumia. Kama inatosha au haitoshi waulize wenyewe, kila mtu atakupa jibu lake na yote ni marefu.

Sasa toka mashambani twende kwenye mikoko, manake huku tumbo linakutana na tatizo jingine kabisa. Punju wanaingia kwenye mikoko ya Pete na Ghuba ya Chwaka, na kuna wanaoishi kisiwa cha Uzi, kile ambacho kwa miaka mingi njia yake maji yakijaa ilikuwa inafunikwa ukae usubiri. Kwa kawaida mla majani wa msituni ni nadra kumuona anakunywa, maji anayapata kwenye majani yenyewe. Majani ya mikoko yana chumvi. Mtafiti Katarzyna Nowak aliyekaa na punju wa Uzi alikuta wanakunywa mara kwa mara, wanaingiza mkono au mdomo kwenye mashimo ya miti yaliyohifadhi maji ya mvua, wanalamba maji yaliyobaki juu ya majani. Mikoko imewapa mahala pa kujificha, watu hawaingii sana, chakula kipo hakikauki mwaka mzima, ila malipo yake ni kiu. Mnyama mmoja, kisiwa kimoja, huku anatafuta mkaa kwa sababu ya tanini kule anatafuta maji kwa sababu ya chumvi, na umbali kati ya hao wawili ni safari ya daladala tu.

Maisha ya kundi nitapita haraka. Kundi la Jozani linaweza kuwa na wanyama 30 mpaka 50, madume kadhaa na majike mengi zaidi, watoto juu, kelele za hapa na pale, kuchambuana manyoya sana. Jike anazaa mtoto mmoja na anamlea muda mrefu, kwaiyo kundi likipungua kurudi kwake ni taratibu mno. Watoto wanacheza chini kabisa pembeni ya njia, wanavutana mikia, wanaangukiana, na hawana habari na wewe. Ule kutoogopa kwao sehemu ni mazoea ya watu, sehemu nadhani ni kwamba adui wao mkubwa wa zamani hayupo tena. Unguja tulikuwa na chui wetu wenyewe, mdogo kuliko wa bara, watu wakaamini kuna wachawi wanawafuga na kuwatuma, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kuwasaka, na leo wengi tunaamini wameisha ingawa mwaka 2018 kuna kamera ilinasa kitu kikasababisha mabishano. Punju kabaki kwenye kisiwa ambacho hakina chui.

Jina lake la kitaalamu, Piliocolobus kirkii, lilitokana na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea Mskochi aliyewahi kusafiri na Livingstone huko Zambezi, akaja Zanzibar mwaka 1866 na baadae akawa mkubwa wa Waingereza hapa. Alipeleka mnyama Uingereza, na John Edward Gray akamuandika rasmi 1868. Kuna dikidiki pia ana jina la Kirk, jamaa alikuwa anatuma vitu kweli. Ndugu wa karibu wa punju yuko milima ya Udzungwa kule Morogoro, mbega mwekundu mwingine, na ukiwaza kwamba Unguja iliunganika na bara mpaka bahari ilipopanda mwisho wa enzi ya barafu, inaeleweka, babu zao walitembea tu. Maji yakaja, waliobaki upande huu wakabaki. Miaka ya 1970 wachache walihamishiwa Pemba, msitu wa Ngezi, na kule hawakutamba, wamebaki kidogo tu. Kwa kifupi huyu ni mtu wa Unguja.

Barabara sasa. Ile barabara ya kutoka mjini kwenda kusini, kuelekea Paje na Jambiani, inakata pembeni ya msitu na mashamba hayahaya yenye punju wengi, na punju wanavuka chini, mmoja mmoja, wakubwa kwanza afu wadogo wanafuata mbio bila kuangalia. Kabla ya matuta kuwekwa ilikadiriwa anauawa mmoja kila wiki mbili au tatu. Ukipiga hesabu kwa mwaka ilikuwa kati ya asilimia 12 na 17 ya wale wa eneo lile, kwa mnyama anayezaa mmoja mmoja hiyo ni kumalizika tu, ni suala la muda. Matuta yakaja. Utafiti uliotoka 2021 ukasema baada ya matuta ni kama mmoja kila wiki sita. Bado wanakufa, na wanaokufa si wazee wagonjwa ambao wangekufa hata hivyo, gari halichagui. Kwaiyo madereva mnaolalamika matuta ya Jozani yanaua shokapu, nawasikia, yanaua kweli, ila mnajua sasa yamewekwa kwa ajili ya nini.

Kuhusu idadi, kwa miaka mingi watu walikuwa wanarusha namba, elfu moja na kitu, elfu mbili, wengine wakisema chini ya hapo. Shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society wakafanya sensa ya kisiwa kizima, si Jozani tu, kila kipande cha msitu, na matokeo yaliyotoka 2017 yalikuwa punju 5,862 kwenye makundi 342. Zaidi ya mara tatu ya walivyodhani. Watu wengine walisikia hiyo wakasema basi si adimu tena. Hapana bwana, bado yuko kwenye orodha ya walio hatarini, na kwa mnyama mwenye kisiwa kimoja tu duniani punju chini ya elfu sita ni uwanja wa mpira haujajaa nusu, na hiyohiyo sensa ilionyesha watoto wanaokua mpaka ukubwani ni wachache kuliko inavotakiwa. Namba iliongezeka kwa sababu mtu alikwenda kuhesabu pahala ambapo hakuna aliyekuwa anahesabu, si kwa sababu wamezaliana ghafla.

Na hapo pahala penyewe pengi ni vichaka vya maweni, ile miti mifupi iliyoota juu ya jiwe la matumbawe, jiwe linalokata soli ya kiatu ukitembea nusu saa. Hakuna mtalii anafika huko wala mtembezaji. Zaidi ya nusu ya punju wako ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, Jozani yenyewe ikiwa hifadhi ya taifa toka 2004, ila waliobaki wako kwenye hivo vichaka na mashamba, na vichaka vya maweni ndo vinakokatwa kuni, ndo vinakochomwa chokaa na mkaa, na siku hizi ndo vinakopimwa viwanja. Kwaiyo kuna punju huko ambaye mti wake unakatwa, unatiwa tanurini, mkaa unapakiwa kwenye magunia unakwenda mjini, na yeye anashuka baadae kuokota vipande vilivyobaki ili aweze kula majani ya mwembe wa mtu.